Siri na Sitara: Kusoma na Kuhakiki Riwaya ya Familia katika Fasihi ya Kiswahili

1. Utangulizi

Wahenga walisema: siri ya mtungi aijuaye kata. Methali hii hutumiwa kukumbusha kwamba mambo ya ndani hujulikana na walio ndani. Hata hivyo, ina jambo jingine ambalo wahakiki wa riwaya hawajalipa uzito unaostahili. Kata inaijua siri ya mtungi kwa sababu ndiyo inayotumwa ndani yake kila siku kuchota maji. Anayeijua siri ya nyumba, basi, mara nyingi ni yule anayeitumikia nyumba hiyo: mke, binti, mtumishi, mkunga, yaya. Mwenye nyumba huwa na mamlaka juu ya siri, lakini wanaoibeba ni wengine.

Riwaya ya Kiswahili, tangu kazi za Shaaban Robert hadi zile za kizazi cha Euphrase Kezilahabi, Mohamed Suleiman Mohamed na Said Ahmed Mohamed, imeifanya nyumba kuwa uwanja wake mkubwa. Hata pale inapozungumzia ukoloni, mapinduzi, ujamaa au elimu ya kisasa, hupitia mlangoni mwa familia: baba na binti, ndugu na ndugu, mume na mke. Na katika nyumba hizo zote pana neno moja ambalo halipaswi kutamkwa.

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza jinsi riwaya za namna hii zinavyostahili kusomwa na kuhakikiwa. Katika mafunzo ya fasihi ya Kiswahili, uhakiki umezoea kufuata njia moja: muhtasari wa hadithi, orodha ya wahusika, dhamira, na mwishoni mafunzo yanayopatikana. Njia hiyo ina faida yake kwa mwanafunzi anayeanza. Lakini inapotumiwa kwa riwaya ya familia huleta kasoro kubwa: siri hugeuzwa kuwa kosa, aliyefumaniwa na siri hugeuzwa kuwa mkosaji, na mhakiki hujikuta amekaa kiti kilekile alichokalia baba mkali ndani ya hadithi. Makala yanadai kwamba swali la kwanza la mhakiki lisiwe "siri hii ni nini?" wala "nani alikosea?", bali "ukimya huu unamlinda nani, na nani anaulipia?" Ili kulijibu swali hilo, Kiswahili chenyewe kinatoa maneno mawili yanayofaa kutenganishwa: siri na sitara.

2. Fumbo, siri na sitara

Kabla ya kuingia katika maneno hayo mawili, yafaa kuliweka pembeni neno la tatu, yaani fumbo. Katika riwaya za upelelezi za Mohamed Said Abdulla, zilizoanza na Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, lililofichwa ni fumbo. Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum, hukusanya dalili moja moja mpaka jambo likafumbuka. Mara nyingi ufunguo umo katika nasaba: nani ni mtoto wa nani, nani alimwoa nani. Msomaji hushindana na mpelelezi, na jibu linapopatikana hupumua. Utamu wa riwaya hizo umo katika kujua. Vivyo hivyo kwa kiasi fulani katika Siku Njema ya Ken Walibora (1996), ambamo kijana Kongowea anatoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemfahamu. Pengo la nasaba linamsukuma safarini, na kuliziba pengo hilo ndiko kunakoifikisha hadithi kwenye neema inayotajwa na jina lake.

Mhakiki wa fumbo ana wajibu mmoja ulio wazi: asilifumbue kabla ya msomaji. Lakini wengi hulichukua sharti hilo na kulipeleka katika kila riwaya yenye jambo lililofichwa, kana kwamba uzito wote wa riwaya umo katika mshangao wa mwisho. Riwaya ya familia mara nyingi haina mshangao wa namna hiyo. Majirani wanajua. Msomaji naye hujulishwa mapema. Kinachomshika ni jinsi watu wanavyoendelea kuishi, kula na kulala pamoja, kila mmoja akijua na kila mmoja akijifanya hajui.

Hapo ndipo tofauti ya siri na sitara inapoanza kufaa. Siri, kwa maana inayotumiwa hapa, ni jambo linalojulikana na wachache, na kujua kwao kunawapa nguvu juu ya wengine. Sitara ni kifuniko ambacho jamii humpa mtu ili udhaifu wake usimnyime nafasi ya kuishi miongoni mwa wenzake. Mtu husitiriwa katika umaskini wake, katika ugonjwa wake, katika kosa lake la ujana. Na wafu husitiriwa kwa sanda. Kumvunjia mtu sitara ni tendo la ukatili hata kama linalosemwa ni kweli tupu. Waswahili hawakuliona tendo la kufunika kuwa uongo. Waliliona kuwa sehemu ya utu.

Shida ni kwamba siri na sitara huvaa nguo moja. Ukimya ni uleule. Baba anayewaambia watoto wake wasiyatoe ya nyumbani aweza kuwa anaisitiri familia, na aweza kuwa anajilinda mwenyewe kwa kutumia jina la familia. Kwa nje hakuna tofauti. Tofauti inaonekana tu pale mtu anapouliza gharama inalipwa na nani. Ikiwa anayefunikwa ndiye dhaifu, na mwenye nguvu ndiye anayebeba uzito wa kufunika, hiyo ni sitara. Ikiwa anayefunikwa ndiye mwenye nguvu, na dhaifu ndiye anayebeba uzito, hiyo ni siri iliyojipamba kwa jina la sitara. Riwaya bora za familia katika Kiswahili zimejengwa juu ya mpaka huo.

3. Adili na Nduguze: msomaji dirishani

Adili na Nduguze ya Shaaban Robert (1952) husomwa mara nyingi kama hadithi ya maadili, na majina ya wahusika yanausaidia usomaji huo. Adili ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, ambao wivu unawafanya wamsaliti. Wanageuzwa manyani kwa nguvu za majini, na Adili analazimika kuwapiga kila usiku. Asili ya kisa imo katika Alfu Lela Ulela. Ufundi wa mwandishi wa Kiswahili umo katika namna alivyokisimika upya.

Jambo la kuangaliwa ni jinsi siri inavyofikia masikio ya wengine. Adili ni liwali wa Janibu, mtu anayeheshimiwa kwa uadilifu wake. Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, anafika kwa kazi ya serikali, na usiku anamwona mwenyeji wake akiwapiga wanyama wale. Msomaji anaona pamoja na Ikibali: anasimama penye upenyo, anaona tendo, hajui sababu yake. Kwa muda, mtu mwema anaonekana mkatili. Laiti riwaya ingeishia hapo, hukumu ya mjumbe ingekuwa ya haki kwa aliyoyaona, na ya uongo kwa yaliyokuwapo.

Mfalme anapomtaka Adili aeleze, siri ya familia inakuwa jambo la dola. Adili hana hiari ya kukataa. Lakini Shaaban Robert anampa nafasi ya kusimulia mwenyewe, tangu mwanzo, kwa kinywa chake, na simulizi lenyewe ndilo linalofungua njia ya msamaha na ya manyani kurudishwa kuwa watu. Hivyo riwaya inatoa fundisho la kihakiki zaidi ya lile la kimaadili: yaliyoonekana kwa kuchungulia hayatoshi; lazima aliyechunguliwa apewe nafasi ya kueleza. Adili alikuwa amebeba mzigo kwa ajili ya ndugu waliomdhulumu. Mwenye nguvu ndiye aliyelipa. Kwa kipimo kilichowekwa hapo juu, ukimya wake ulikuwa sitara.

Kitabu hiki kilichapishwa wakati riwaya ya Kiswahili ilipokuwa bado karibu na ngano, na ulimwengu wake ni ule ambamo mfalme mwema husikiliza. Kizazi kilichofuata hakikuwa na imani hiyo.

4. Rosa Mistika: nyumba na mahakama

Miaka 19 baadaye Euphrase Kezilahabi alichapisha Rosa Mistika (1971). Hapa hakuna Mfalme Rai. Pana kijiji cha Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe, alikozaliwa mwandishi mwenyewe mwaka 1944, na pana nyumba ya Zakaria, aliyewahi kuwa mwalimu na sasa ni mlevi. Mkewe Regina na mabinti zake ndio wanaoushikilia uzima wa nyumba hiyo. Ulevi wa Zakaria si siri kwa mtu yeyote kijijini. Kinachodaiwa ni kwamba mabinti wake wawe safi bila doa, kana kwamba usafi wao utaisitiri aibu ya baba.

Barua ya kijana Charles kwa Rosa inapoangukia mikononi mwa Zakaria, binti anapigwa vikali. Tukio hili ni kitovu cha riwaya. Rosa hajatenda kosa, ameandikiwa tu. Lakini tangu siku hiyo anajifunza kwamba mambo ya moyo ni mambo ya kuogopwa, na kwamba baba si mtu wa kuulizwa. Hofu inamfuata shuleni. Baadaye, hasa katika chuo cha ualimu cha Morogoro, hofu hiyo inageuka kuwa kinyume chake, na Rosa anaishi maisha ya kujitupa kwa wanaume, maisha yenye mimba zinazotolewa kwa siri. Anapojaribu kurudi katika njia ya ndoa, yaliyopita yanamzuia. Charles anamwacha kwa sababu hamkuti bikira, na Rosa anajiua.

Usomaji wa kimaadili ni rahisi hapa, na ndio uliokipata kitabu mara tu kilipotoka. Riwaya ilipigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania kwa madai kwamba iliyaweka wazi mno mambo ya mwili. Uamuzi huo unafaa kutazamwa kwa makini na mtu wa fasihi, maana unafanana sana na tendo la Zakaria. Baba alipoiona barua alimpiga aliyeandikiwa. Wenye mamlaka walipoiona riwaya waliizuia ile iliyosema. Pande zote mbili hazikuuliza kwa nini binti hakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Mhakiki anayeandika kwamba funzo la Rosa Mistika ni "wasichana wajihadhari" anairudia hukumu ileile kwa mara ya tatu.

Kezilahabi mwenyewe alikuwa ameiona hatari hiyo. Ndiyo sababu hakuimaliza hadithi kaburini, bali aliipeleka mbinguni, ambako Rosa na baba yake wanasimama mbele ya Mungu na lawama baina yao zinasikilizwa. Baadhi ya wasomaji huiona sehemu hiyo kuwa imebandikwa, haioani na uhalisia wa kurasa zilizotangulia. Hata hivyo, ukiisoma kwa kipimo cha siri na sitara, inakuwa ya lazima. Hapa duniani hapakuwa na baraza ambalo binti angeweza kumjibu baba. Nyumbani asingesikilizwa, kijijini angeaibishwa, chuoni angefukuzwa. Mwandishi aliyetaka sauti hiyo isikike alilazimika kujenga mahakama mahali pengine. Kasoro ya fani, kama ni kasoro, ni ushahidi dhidi ya jamii iliyoisababisha.

Jina la riwaya linastahili neno moja. "Rosa Mistika" ni sifa ya Bikira Maria katika litania ya Kikatoliki, na msomaji wa Kongo aliyepitia shule za misheni atalitambua mara moja. Waridi la fumbo, waridi lililofichika. Jina linaloutukuza usafi limevishwa binti ambaye usafi huo ulidaiwa kwake kwa kiboko. Ndani ya jina moja mwandishi ameweka ahadi ya dini na siri ya nyumba, na ameviacha viangaliane.

5. Kichwamaji: msomaji aliyefungiwa ndani

Katika Kichwamaji (1974) Kezilahabi anabadili mahali pa msomaji. Sehemu kubwa ya riwaya inasimuliwa na Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, kwa nafsi ya kwanza. Msomaji haoni kwa upenyo kama Ikibali, wala haketi mahakamani kama katika Rosa Mistika. Amefungiwa ndani ya kichwa cha mtu ambaye hajijui.

Kazimoto anayo siri moja anayoijua na nyingine asiyoijua. Anayoijua ni kisasi. Manase, rafiki yake wa zamani aliyepanda cheo serikalini, alimtia mimba dada yake Rukia, na Rukia akafa. Kazimoto anakusudia kumlipiza kupitia kwa dada yake Manase, Sabina. Hesabu hiyo ya dada kwa dada inaonyesha kwa ukali jinsi heshima ya wanaume inavyolipwa kwa miili ya wanawake. Rukia amelipa ili Manase aendelee kuheshimiwa. Sasa Sabina alipe ili Kazimoto aridhike. Mpango unaharibika kwa njia isiyotarajiwa: Kazimoto anampenda Sabina na kumwoa.

Siri ya pili imo katika damu. Mtoto wa Manase ana kichwa kikubwa kupita kiasi, na chanzo chake ni ugonjwa wa zinaa. Kazimoto anaona, lakini hajiulizi juu ya mwili wake mwenyewe, mpaka Sabina anapojifungua mtoto wa namna hiyohiyo. Kazimoto anajiua. Wahenga walikwisha kusema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Uchungu wa riwaya hii ni kwamba mfichaji alikuwa amejificha hata yeye mwenyewe. Mtu aliyesoma falsafa, anayehoji kuwapo kwa Mungu na maana ya maisha kurasa kwa kurasa, hakuwahi kuhoji jambo lililo karibu naye kuliko yote.

Wahakiki wengi wameiweka Kichwamaji katika rafu ya falsafa ya udhanaishi, na wana sababu. Lakini usomaji unaoishia hapo hukubali neno la Kazimoto kwamba tatizo lake ni la ulimwengu mzima. Riwaya inasema zaidi ya msimulizi wake. Inaonyesha kwamba kukata tamaa kwake kunatoka pia katika nyumba mahususi, ambamo kifo cha dada hakikuzungumzwa ipasavyo na ambamo mke hakuambiwa alichostahili kuambiwa kabla ya kushika mimba. Sabina ndiye kata ya mtungi huu: amebeba siri tumboni bila kuambiwa kwamba ni siri. Mhakiki aulizaye nani amelipa atamwona Sabina, ambaye msimulizi hamwoni vya kutosha. Hilo ndilo pengo ambalo mwandishi amemwachia msomaji alijaze.

6. Nyota ya Rehema na Utengano: wanaojua

Kutoka Ukerewe inafaa kuvuka hadi Unguja, kwa sababu riwaya za visiwani zinaongeza jambo ambalo zile za bara halijapewa nafasi kubwa: tabaka na mali.

Katika Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed (1976), siri inaanza na shaka. Fuad, mwenye mashamba na mwenye kujivunia asili yake, anaitazama rangi ya mtoto wake Rehema na kumshuku. Mama, Aziza, anafariki, na mtoto anakua katika nyumba ambayo haimtaki, mpaka anaikimbia. Baadaye anampata Sulubu, mkulima, na pamoja naye anapata utu alionyimwa kwao. Shaka ya baba haithibitishwi wala haikanwi hadharani; inaachwa tu ifanye kazi yake. Na kazi yake inaonekana wazi pale suala la ardhi linapoingia. Swali la nani ni mtoto halali, lililokuwa la aibu, linakuwa swali la nani ana haki ya shamba. Ukimya ulioitwa heshima ya ukoo unageuka hati ya kumnyang'anya mtu. Mhakiki anayesoma riwaya hii kama kisa cha mama wa kambo na mtoto yatima ataipoteza hoja hiyo, na pamoja nayo ataupoteza uhusiano wa riwaya na historia ya Unguja, ambako rangi, nasaba na umiliki wa mashamba vilifungamana hadi Mapinduzi ya mwaka 1964.

Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) inakwenda hatua nyingine. Maksuudi ni mheshimiwa mbele za watu na dhalimu nyumbani. Mkewe Bi Tamima na bintiye Maimuna wamefungiwa ndani ya kuta, na kuta hizo zinaitwa sitara. Neno la dini na la adabu limechukuliwa likawa kufuli. Lakini hakuna nyumba isiyohitaji watumishi. Biti Kocho anaingia na kutoka. Bi Farashuu, mkunga ambaye binti yake aliwahi kudhulumiwa na Maksuudi, ana ujuzi na ana kisasi. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Na nyumba ya Maksuudi inabomolewa na walewale aliowadharau kiasi cha kusahau kwamba wana macho.

Maimuna anatoka katika kuta za baba na kuangukia danguro la Bi Kirembwe mjini. Mhakiki wa mafunzo atasema kwamba alitoka pema akaenda pabaya. Riwaya inauliza kama palikuwa pema. Kwa baba, mwili wa Maimuna ulikuwa heshima ya kufungiwa. Kwa Bi Kirembwe ni bidhaa ya kuuzwa. Katika nyumba zote mbili, yeye mwenyewe hakuulizwa. Said Ahmed Mohamed hamtukuzi Bi Farashuu, ambaye kisasi chake kinamwangukia binti asiye na hatia. Wala hamwachii Maksuudi akimbilie neno "heshima". Ameonyesha kwamba sitara ikishageuzwa siri ya mwenye nguvu, anayeivunja huwaumiza hata wale waliostahili kusitiriwa. Hapo ndipo uzito wa riwaya ulipo, na hapo hakuna funzo la mstari mmoja.

Jambo moja halina budi kusemwa kuhusu riwaya zote zilizojadiliwa. Zimeandikwa na wanaume. Siri za mabinti, mimba, uzazi na aibu zimesimuliwa na watu ambao katika nyumba hizo wangekaa upande wa baba au wa kaka. Wanawake walioandika riwaya za Kiswahili katika miaka hiyo walikuwa wachache, miongoni mwao Ndyanao Balisidya, mwandishi wa Shida (1975), na Zainab Burhani, mwandishi wa Mwisho wa Kosa (1987). Kipimo cha siri na sitara kinapaswa kuelekezwa pia kwa waandishi: je, wanapoyafunua ya binti wanampa sauti, au wanamtazama tu dirishani? Makala haya yanaona kwamba Rosa amepewa sauti, ingawa kwa kuchelewa, na kwamba Sabina hakupewa.

7. Mhakiki na msomaji wa Kongo

Hoja hizi zina uzito wa pekee hapa Kongo. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, na kinazungumzwa kutoka Lubumbashi hadi Bukavu, Goma na Kisangani. Lakini Kifaransa ndicho kinachotawala masomo ya juu, na riwaya zinazochapishwa Nairobi na Dar es Salaam huwafikia wasomaji wa huku kwa shida. Nakala moja hupita mikononi mwa darasa zima. Mara nyingi mwanafunzi huisoma tahakiki kabla ya riwaya, na pengine badala yake. Katika hali hiyo mhakiki si mtu wa kuongeza maoni yake juu ya kitabu ambacho wote wamekisoma. Yeye ndiye mlango. Akiandika kwamba Rosa alikuwa msichana mpotovu aliyepata alichostahili, ndivyo Rosa atakavyobaki vichwani mwa watu ambao hawatapata nafasi ya kumsikia mwenyewe.

Kutokana na hali hiyo, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, tahakiki isiogope kueleza hadithi, kwa kuwa msomaji huenda hana kitabu. Lakini isieleze matukio bila kusema riwaya imemweka msomaji wapi. Dirishani kama Ikibali, ndani ya kichwa cha Kazimoto, au mbele ya mahakama ya mwisho: mahali hapo ni sehemu ya maana. Pili, tahakiki itaje kwa majina wanaojua na wasiojua. Orodha ya wahusika iliyopangwa kwa wakuu na wadogo humficha Biti Kocho mwishoni. Orodha iliyopangwa kwa ujuzi wa siri humleta mbele. Tatu, tahakiki ichelewe kuhukumu. Neno "kosa" lisiandikwe kabla ya kuonyeshwa nani alinufaika na ukimya.

Pana watakaosema kwamba sitara ni dhana ya pwani na ya Kiislamu, na kwamba kuitumia kwa Ukerewe ya Wakatoliki, au kwa msomaji wa Katanga, ni kulazimisha. Pingamizi hili lina ukweli kwa upande wa neno, lakini si kwa upande wa jambo. Kufunika aibu ya ndugu ni desturi inayojulikana kila mahali ambapo watu huishi kwa ukoo, na kuitumia desturi hiyo vibaya kunajulikana vilevile. Michezo ya kikundi cha Mufwankolo cha Lubumbashi, iliyochezwa kwa miaka mingi katika Kiswahili cha mji huo redioni na kwenye televisheni, imewazoesha wasikilizaji wa Katanga kuona ugomvi wa nyumbani ukitolewa nje: mume na mke, mzazi na mtoto, jirani anayesikia yote. Mtu aliyelelewa na michezo hiyo anao tayari ufahamu unaohitajika kuisoma Utengano. Anachohitaji ni mwalimu asiyemtaka auache ufahamu huo mlangoni mwa darasa ili aandike "mafunzo".

8. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba riwaya ya familia katika Kiswahili haijengwi juu ya kujua siri, bali juu ya gharama ya kuitunza. Adili alibeba mzigo kwa ajili ya ndugu zake, akapata mfalme wa kumsikiliza. Rosa alibebeshwa mzigo wa baba, akalazimika kufika mbinguni ili asikilizwe. Sabina alibeba bila kujua. Rehema alilipia shaka ambayo hakuisababisha, na Maimuna alilipia heshima ambayo haikuwa yake. Kati ya kitabu cha mwaka 1952 na kile cha mwaka 1980, mzigo umehama kutoka mabegani mwa mwenye nguvu hadi mabegani mwa binti, na waandishi waliuona mwendo huo kabla ya wahakiki.

Uhakiki nao ni aina ya usimamizi wa siri. Mhakiki huamua nini kitajwe, nini kiachwe, nani aonekane mkosaji mbele ya watu ambao hawakuwapo. Kwa hiyo anapaswa kujiuliza, kila anaposhika kalamu juu ya riwaya ya namna hii, kama anawasitiri wanyonge waliomo au anamfichia siri mwenye nguvu. Mwanafunzi atakayezoea kuuliza hivyo juu ya nyumba ya Zakaria na ya Maksuudi atakuwa amejifunza kusoma. Na hatashindwa kuuliza hivyohivyo juu ya nyumba nyingine ambazo hazijaandikiwa riwaya.